Maana ya tiba ya shinikizo hasi kwa donda ndugu

Shinikizo huitwa hasi pale hewa iliyo ndani ya mahali palipozibwa inapokuwa na nguvu ndogo kuliko hewa ya nje. Mtoto wa Kirumba, jijini Mwanza, anayefyonza juisi ya pakiti kwa mrija huliona jambo hilo kwa macho yake: pakiti husinyaa kwa sababu hewa ya nje inaibana. Tiba hii hufanya vivyo hivyo juu ya kidonda kilichogoma kufunga, kiwe donda ndugu kwenye mguu wa mgonjwa wa kisukari au kidonda kipana cha ajali ya bodaboda.

Kwanza daktari huondoa nyama iliyokufa, na hatua hii haina mbadala, kwani uozo hata ukifyonzwa vipi haugeuki kuwa nyama hai. Kisha sponji lenye matundu hukatwa kwa umbo la kidonda na kulazwa ndani yake, plastiki angavu yenye gundi hubandikwa juu hadi kwenye ngozi isiyo na jeraha pembeni yake, na mrija huunganishwa na mashine inayofyonza, aghalabu kwa milimita 125 za zebaki (kipimo cha shinikizo) chini ya hewa ya nje. Sponji hunywea papo hapo na kuwa gumu. Lisiponywea, kuna mahali panapovuja. Mvuto huo husogeza kingo za kidonda zikaribiane, huondoa majimaji, hupunguza uvimbe na kuchochea nyama mpya nyekundu kuota. Louis Argenta na Michael Morykwas wa Marekani waliitangaza mbinu hii katika maandishi yao ya mwaka 1997.

Umeme ukikatika na betri ikaisha, anayemuuguza mgonjwa asikae kimya: mashine ikizimika kwa zaidi ya saa 2 kwa siku, sponji huondolewa na shashi kuwekwa, kwa kuwa majimaji yaliyotuama huzalisha vijidudu. Damu nyekundu ikionekana kwenye mrija, muuguzi aitwe mara moja. Kidonda chenye saratani, chenye mshipa mkubwa ulio wazi au chenye maambukizi ya mfupa yasiyotibiwa hakifai kufyonzwa.

Sponji hubadilishwa kila baada ya saa 48 hadi 72, hivyo anayetoka Ukerewe kwa kivuko ni heri apate mahali pa kukaa karibu na hospitali. Kidonda kikishajaa nyama mpya, mashine huondolewa. Kidonda kidogo huachwa kijifunge chenyewe, na kikubwa hubandikwa ngozi iliyotolewa pajani.