Mtoano wa futiboli ya vyuo Marekani, na fedha zilizouchelewesha

Mtoano ni mashindano ya kufa au kupona: ukifungwa unafunga virago, ukishinda unasonga mbele, mpaka abaki mmoja. Futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira uliochongoka ncha mbili, ilikaa zaidi ya karne bila mtoano katika daraja lake la juu. Bingwa alipatikana kwa kura za waandishi na za makocha, na kuna miaka kura hizo zilitaja mabingwa wawili.

Wakubwa wa mchezo walisema wanalinda masomo na mila. Mimi sikubali. Madaraja ya chini ya mchezo huohuo yana mtoano tangu miaka ya 1970, na wachezaji wao nao wana mitihani. Kikwazo kilikuwa fedha. Wala hazikuwa haba. Shida ilikuwa nani ashike mfuko.

Kwanza kulikuwa na mechi za bakuli. Jina limetokana na viwanja vyenye umbo la bakuli, maarufu zaidi ukiwa Rose Bowl wa Pasadena, California. Msimu ukiisha, kamati ya mji mwenyeji hualika timu mbili, mashabiki wanafika siku kadhaa kabla ya mechi, hoteli zinajaa na migahawa inauza. Mtoano ungewataka mashabiki haohao wasafiri mara mbili au tatu ndani ya wiki chache. Kamati zikaogopa kubaki na viti vitupu.

Vyuo vyenyewe havikufaidi kila mara. Chuo cha Connecticut kilipoalikwa Fiesta Bowl, mechi ya bakuli ya jimbo la Arizona, Januari 2011, kilitakiwa kuchukua tiketi 17,500 na kuziuza chenyewe. Arizona ni mbali mno na kwao, na mtandaoni zilikuwepo tiketi za bei nafuu zaidi. Chuo kikauza sehemu ndogo tu, zilizobaki kikazilipia. Timu ilifungwa 48-20 na chuo kikapata hasara ya zaidi ya dola milioni 1.5. Hiyo ni mechi ambayo kucheza kwake kulihesabiwa kuwa heshima!

Fundo lenyewe lilifungwa 1984. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, hakina haki ya kuhodhi matangazo ya televisheni ya futiboli. Tangu hapo vyuo na makundi yao, yanayoitwa konferensi, yanauza mechi zao yenyewe. Kwenye mpira wa kikapu, NCAA ndiyo inayouza mtoano wa kila Machi na kuwagawia wanachama wake, wakubwa kwa wadogo. Konferensi kubwa ziliutazama mfano huo zikaona hatari: mtoano wa futiboli ungeweza kuingiza zaidi, lakini wakigawana wengi, fungu la mkubwa lingepungua.

Ndipo ukaja BCS mwaka 1998, mfumo wa kuzikutanisha timu mbili tu zilizoongoza katika kura na hesabu za kompyuta. Konferensi sita zilikuwa na nafasi za uhakika na fungu nono. Nyingine zilibisha hodi. Msimu wa 2008 Utah ilishinda mechi zake zote 13, ya mwisho ikiwa dhidi ya Alabama, 31-17. Ubingwa ukaenda Florida, iliyokuwa imefungwa mara moja. Vijana wa Utah walinyimwa hata nafasi ya kushindwa uwanjani, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Mtoano wa timu nne ulianza msimu wa 2014, pale konferensi zilipouunda zenyewe nje ya NCAA na kuuza matangazo kwa ESPN. Mechi za bakuli hazikutupwa, zilipewa nusu fainali. Msimu wa 2024 timu zikawa 12, na raundi ya kwanza ikachezwa kwenye viwanja vya vyuo, ambako shabiki hahitaji ndege. Hofu ya viti vitupu ikapata dawa hapo.

Mfuko, hata hivyo, bado uko kwa walewale. Katika mgawo mpya unaoanza msimu wa 2026, konferensi mbili, SEC na Big Ten, zinachukua zaidi ya nusu ya fedha zote za mtoano.