Serikali ya maofisa Uingereza haikuanza 1945

Wengi huamini kwamba Uingereza ya karne ya 19 iliacha soko lijiendeshe, hadi chama cha Labour cha Clement Attlee kiliposhinda uchaguzi wa 1945 na kujaza maofisa kila kona. Sivyo ilivyokuwa.

Waliofungua mlango ni waliberali wenyewe. Mwaka 1833 serikali ya Whig, chama kilichokuja kuwa sehemu ya Liberal, ilipiga marufuku watoto chini ya miaka 9 kufanya kazi katika viwanda vingi vya nguo. Sheria za awali zilipuuzwa. Hii ilikuja na wakaguzi wa serikali kuu. Wanne tu, nchi nzima! Uandikishaji wa vizazi haukuanza hadi 1837, hivyo daktari alimtazama mtoto, akakisia umri kwa umbo na nguvu zake, akatoa cheti. Udanganyifu haukukosekana. Wakaguzi wakaripoti mianya, Bunge likaongeza kanuni, kanuni zikadai wakaguzi zaidi. Sioni njama hapo. Ni kazi iliyozaa kazi.

Ukweli uliomo katika dhana ya soko kujiendesha uko kwenye biashara ya nje: mwaka 1846 Bunge lilipitisha kuondolewa kwa ushuru mzito wa nafaka, na soko huria likatawala kwa miongo mingi. Lakini pensheni ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, ya 1908, na bima ya taifa ya 1911 ni za Liberal, chini ya waziri mkuu Asquith na waziri wake wa fedha, Lloyd George. Attlee alizikuta.