Matofali ya Lubumbashi hayakutoka Ubelgiji

Mtu anaweza kudhani kwamba matofali ya majengo ya zamani mjini Lubumbashi, huko Katanga, kusini mwa Kongo, yale ya enzi za Wabelgiji mji ulipoitwa Élisabethville, yaliletwa kwa meli toka Ubelgiji. Sivyo. Reli iliyofika mwaka 1910 kutoka kusini ilileta mashine na barua; kusafirisha matofali kungekuwa hasara tupu, maana udongo ulikuwa hapahapa.

Tena udongo mzuri ajabu: wa vichuguu. Mchwa wa Katanga hupandisha mfinyanzi laini toka chini, chembe kwa chembe, mpaka kichuguu kinafika hata mita 5. Fundi huuchimba, huukanda kwa maji, huufyatua kwenye kalibu, huuanika, kisha huuchoma kwa kuni. Vunja tofali moja uone: ndani hakuna kokoto. Pembezoni mwa mji bado yanafyatuliwa hivyohivyo.