Kuswichi benki siyo kufungua akaunti mpya, jamani

Siku hizi kwenye magrupu ya watu wetu wa Uingereza hukosi mtu kaandika "fungueni akaunti benki fulani wanatoa pauni 175 bure", watu wanakimbilia wanafungua, halafu baada ya wiki kadhaa wanarudi wanalalamika eti benki imewatapeli. Haijawatapeli. Hela ilitangazwa kwa kitu kingine kabisa, wao wakafanya kingine.

Maana yenyewe ni fupi. Bonasi ya swichi ni hela ambayo benki mpya inakupa ukiiacha benki yako ya zamani na kuhamishia akaunti yako nzima kwake kwa kupitia mfumo rasmi wa kuhama. Mara nyingi inacheza kwenye pauni 100 hadi 200. Kwa iyo wanalipia kuhama. Kufungua akaunti peke yake, ukaacha ile ya zamani inapumua, mshahara unaingia kulekule, iyo siyo swichi hata ukiipa jina gani.

Huo mfumo unaitwa Current Account Switch Service na ulianza Septemba 2013. Baada ya ule msukosuko wa mabenki wa 2008 serikali ya Uingereza iliunda tume chini ya Sir John Vickers, ikatoa ripoti 2011, na moja ya vitu walivyoviona ni kwamba watu hawahami benki hata ikiwaudhi vipi, manake kuhama kulikuwa ni msala: mshahara unaenda kusikojulikana, bili ya umeme inagonga mwamba, kodi ya nyumba inachelewa na mwenye nyumba haelewi. Sasa hapa ndo penye utamu. Tume iliangalia pia wazo la mtu kuhama na namba yake ya akaunti, wakaona gharama zake siyo za kitoto, wakapendekeza malipo yawe yanafuatishwa tu kwenye akaunti mpya.

Nalisema hili kwa sababu sisi wengi kichwani tuna picha ya simu. Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako ileile, kwa iyo mtu akisikia "kuhama benki" anadhani ndo mambo yaleyale. Ni kinyume. Namba ya akaunti unapewa mpya, ya zamani inafungwa kabisa, na ndani ya siku 7 za kazi salio lako, dairekti debiti zako (yaani bili ulizoruhusu kampuni izikate yenyewe kwenye akaunti) na zile oda za kila mwezi ulizopanga mwenyewe vinahamishwa vyote kwa pamoja. Mtu akikutumia hela kwa namba ya zamani inaelekezwa kwenye mpya, kwa miaka 3 au zaidi. Na kukitokea makosa kwenye huo uhamisho ukawaambia, benki mpya inakurudishia faini na riba ulizokatwa kwa ajili ya hayo makosa. Vitu vinavyolipwa kwa kadi lakini, Netflix na wenzake, havifuati, iyo kadi mpya unaenda kuiingiza mwenyewe. Deni la ovadrafti, yaani hela ya benki uliyotumia baada ya salio kuisha, nalo halihami lenyewe tu, lazima ukubaliane na benki mpya au ulilipe kwanza, sijui kwa nini watu hawaliulizi hili kabla.

Halafu kuna kitu kinaitwa swichi ya nusu, na hii ndo inayoniumiza kichwa kuliko zote. Unachagua malipo machache yahamie benki mpya na akaunti ya zamani inabaki wazi. Inaruhusiwa, haina kosa, ila ile dhamana ya mfumo ya kurudishiwa faini na riba haikuhusu, kuelekezewa hela hakupo, na bonasi kwa kawaida hupati. Kwenye apu vitufe vyake viko karibu karibu, mtu anabonyeza nusu kwa woga wa kufunga akaunti aliyoanza nayo tangu anaingia nchini, kisha anakaa kusubiri pauni ambazo haziji.

Ndugu zetu wa Marekani nao, kwa nia njema kabisa, wanazidi kuvuruga. Kule hakuna mfumo wa kitaifa kama huu. Bonasi ya kule kweli ni ya kufungua akaunti mpya na kuingiza mshahara moja kwa moja kwa muda walioupanga, ya zamani ukitaka unabaki nayo. Alafu bonasi yao inahesabiwa kama riba, benki inakutumia fomu ya 1099-INT na unaiweka kwenye ritani ya kodi, wakati huku Uingereza bonasi ya swichi kwa kawaida haidaiwi kodi. Kwa iyo shemeji yako wa Houston akikwambia "we fungua tu, ingiza mshahara, watakulipa", anasema kweli ya kwake. Ya kwako ina masharti mengine, mara nyingi dairekti debiti 2 zinazofanya kazi, kiasi fulani cha hela kiingie ndani ya siku walizotaja, na usiwe umeshawahi kula bonasi yao huko nyuma.

Wajanja wa huku wana akaunti ya kafara, mimi ndo naiita hivo. Anafungua akaunti ya pili benki yoyote, anaiwekea dairekti debiti mbili ndogondogo, kisha anaiswichi iyo na akaunti yake kuu haiguswi. Ni halali, na ukiangalia vizuri bado ni swichi kamili kwa sababu iyo ya kafara inafungwa kweli. Ila usifanye hivo ukiwa unakaribia kuomba mkopo wa nyumba, manake kila ombi la akaunti laweza kuacha alama kwenye rekodi yako ya mikopo na wakopeshaji wanaziona.

Sa mtu akikwambia ameswichi na hela haijaingia, usimcheke, muulize tu kama akaunti ya zamani bado ipo. Kama ipo, amefungua au amefanya ile ya nusu, na mara nyingi hajachelewa, benki nyingi zinakuruhusu uombe swichi kamili hata kama akaunti mpya ulishaifungua. Aingie kwenye masharti ya ofa aangalie mwisho ni tarehe ngapi na kama mwenye akaunti tayari anakubaliwa, kabla hajapiga simu kugombana na wale vijana wa kituo cha simu ambao hata hawakumtuma.