Ubora wa huduma kwenye ruta: dhana potofu zinazokwamisha mitandao ya Lamu na Malindi

Chukua nyumba ya wageni Shela, vyumba kumi, laini ya Mbps 20 kupakua na Mbps 5 kupakia. Ikifika saa mbili usiku mgeni mmoja anapakia video alizopiga mchana kutwa, na simu za WhatsApp za nyumba nzima zinaanza kukatika. Msimamizi anafungua programu ya mtandao, anaunda profaili ya ubora wa huduma (QoS), yaani kanuni za nani apite kwanza, anaweka sauti juu ya vyote, anahifadhi. Simu zinaendelea kukatika. Programu haina kosa. Foleni ya paketi, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, haiko mahali anapopanga yeye, na karibu dhana zote zilizo hapa chini zinazaliwa na jambo hilo moja.

Dhana: ubora wa huduma huongeza kasi ya intaneti

Ukweli ni kwamba huipunguza kidogo, na lazima iwe hivyo. Profaili huamua nani asubiri, na uamuzi huo hufanyika pale tu paketi zinaporundikana. Ukiiacha ruta bila kikomo, itatuma kila kitu kwa modemu kwa kasi ya waya wa ndani, Mbps 100 au 1000, na mrundikano utatokea kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, ya modemu, ambayo haijui profaili yako. Piga hesabu: bafa ya megabaiti 1 ni megabiti 8, kwa laini inayopakia Mbps 5, paketi iliyo nyuma ya foleni itangoja sekunde 1.6. Pendekezo la G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Kwa sekunde moja na nusu, watu wawili hawawezi kuzungumza.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuihamishia foleni kwenye ruta. Pima kasi saa mbili hadi saa tatu usiku, si alfajiri, kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, mara kadhaa. Chukua kipimo cha chini, usichukue kile kilichoandikwa kwenye risiti. Kikomo cha kupakia kiwe asilimia 90 hivi ya kipimo hicho, cha kupakua asilimia 85 hadi 90. Kwa mfano wetu, weka Mbps 4.5 kupakia na 17.5 kupakua. Kisha endesha ping, kipimo cha muda wa paketi kwenda na kurudi, kwenda 8.8.8.8 huku ukipakia faili kubwa. Ikiwa bila mzigo ping ni milisekunde 30 na kwa mzigo inapanda hadi 40 au 50, umefaulu. Ikipanda hadi mamia, shusha kikomo kwa kbps 250 na urudie.

Wanaotumia satelaiti au laini ya simu wana kazi zaidi, kwa sababu kasi yenyewe hubadilika kila saa. Kikomo kilichopimwa mchana hakifai usiku. Tunashauri kuchagua kasi ya chini inayopatikana muda mwingi na kukubali hasara ya saa zile nzuri.

Dhana: ruta yangu inatawala kupakua sawasawa na kupakia

Kupakia unakutawala kikamilifu, kwa kuwa wewe ndiye mtumaji. Kupakua ni tofauti: anayewapanga watu kwenye jeti ya Lamu hawezi kuamua nani atangulie kupanda boti kule Mokowe. Paketi ikifika kwenye ruta yako imeshatumia nafasi yake kwenye laini. Kinachosaidia ni kwamba ruta ikichelewesha au kutupa paketi chache, TCP, kanuni inayosimamia utumaji wa data, hupunguza mwendo upande wa pili. Ndiyo maana kikomo cha kupakua hushushwa zaidi: foleni inahitaji nafasi ya kujenga shinikizo kabla laini haijajaa.

Dhana: nikiweka alama ya sauti, mtandao wote wa dunia utaiheshimu

Alama ya DSCP, namba ya kipaumbele inayoandikwa kwenye paketi, ikiwa 46 huitwa EF, na ina maana ndani ya mtandao unaousimamia. Ikivuka kwa mtoa huduma wa intaneti, kwa kawaida hupuuzwa au hurudishwa sifuri. Usiiache kwa sababu hiyo. Ina kazi kwenye swichi na hewani, ila hapo pana mtego.

Wi-Fi hutumia makundi manne ya WMM, mfumo wake wa kipaumbele: sauti, video, kawaida na chini. Vifaa vingi hutafsiri DSCP kwa kuchukua biti tatu za mwanzo. Namba 46 ni 101110, biti tatu za mwanzo ni 101, yaani 5, na 5 ni kundi la video. Sauti uliyoipa alama sahihi inasafiri na filamu. RFC 8325, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2018, inapendekeza EF ipelekwe kwenye 6, ambayo ni kundi la sauti. Kama programu yako ina jedwali la kutafsiri DSCP, badilisha mstari huo. Na swichi nyingi huanza zikiwa haziamini alama zinazoingia. Washa uaminifu wa DSCP kwenye mlango ambao simu za mezani zimeunganishwa, usiuwashe kwenye milango ya wageni.

Dhana: namba kubwa ndiyo kipaumbele kikubwa

Inategemea uko wapi. Kwenye foleni za ruta za MikroTik, 1 ndiyo ya juu na 8 ya chini. Kwenye 802.1p, alama za kipaumbele za swichi, 7 ndiyo ya juu, na 1 iko chini hata ya 0. Anayenakili namba kutoka kifaa kimoja kwenda kingine hugeuza mambo juu chini bila kupata onyo lolote.

Lakini kosa lenye gharama kubwa zaidi ni kudhani kipaumbele peke yake kinatosha. Katika mti wa foleni wa RouterOS, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik, kila tawi hupewa kwanza limit-at yake, yaani kiwango kilichohakikishwa. Kipaumbele huamua tu nani achukue kinachobaki. Foleni mama ikikosa max-limit, yaani kikomo cha juu, hakuna kinachohesabiwa kubaki, na kipaumbele hakifanyi kazi kabisa. Jumla ya limit-at za matawi isizidi max-limit ya mama.

Kwa kupakia Mbps 4.5, mgawo huu unafaa: sauti limit-at 1M, kipaumbele 1; mapokezi, yaani mashine ya kadi na kompyuta ya nafasi za vyumba, 500k, kipaumbele 3; wageni 2500k, kipaumbele 6; kamera na nakala za akiba 500k, kipaumbele 8. Jumla ni 4500k kamili. Kila tawi lipewe max-limit ya 4500k, ili wageni watumie nafasi yote mapokezi wakiwa wamelala. Sauti ya G.711, njia ya kawaida ya kusimba sauti ya simu, hutumia kbps 64 na vichwa vya paketi huifikisha 80, kwa hiyo 1M inabeba simu 12 kwa wakati mmoja. Nyumba ya vyumba kumi haihitaji zaidi.

Mashine ya kadi na kompyuta ya mapokezi zitambue kwa anwani ya IP uliyoifunga kwa kifaa. Kuzitambua kwa namba za bandari hakusaidii tena, kwani karibu kila kitu, video zikiwemo, hupita 443, kwa TCP na kwa UDP.

Dhana: foleni ikionekana kwenye skrini, inafanya kazi

Angalia kihesabio cha baiti. Kikisimama kwenye sifuri huku wageni wanatazama filamu, kwenye MikroTik mshukiwa wa kwanza ni FastTrack, njia ya mkato ya kupitisha paketi haraka. Kanuni hiyo huja na mipangilio ya kiwandani, na miunganisho inayopitia humo hukwepa foleni rahisi (simple queues) na mti wa foleni ulioshikizwa kwenye global, yaani kwenye ruta nzima. Izime kwenye kichujio cha forward, kisha washa ruta upya, maana miunganisho iliyokwisha kupata njia ya mkato huendelea nayo. Baada ya hapo tazama mzigo wa CPU. Ruta ndogo iliyokuwa ikipitisha Mbps 200 bila taabu inaweza kufikia asilimia 100, na hapo ucheleweshaji unatoka kwenye ruta yenyewe.

Dhana: haki ni kumpa kila mgeni Mbps 2

Vyumba kumi vinaweza kuleta simu na kompyuta 25. Mara 2 ni Mbps 50 kwenye laini ya 20, kwa hiyo msongamano uko palepale. Mchana, wageni wakiwa Manda au ufukweni, watu wawili waliobaki wanabanwa kwenye Mbps 4 na nyingine 16 hazina mtumiaji. Hoteli ya Malindi yenye vyumba arobaini huumia vivyo hivyo, tena zaidi msimu wa Desemba.

Tumia PCQ, aina ya foleni ya MikroTik, yenye rate 0 (bila kikomo cha kila mtu), ambayo hugawa kilichopo kwa waliopo. Au CAKE, aina nyingine ya foleni, kuanzia toleo la 7 la RouterOS: dual-srchost (usawa kwa kila anayetuma) kwa kupakia, dual-dsthost (usawa kwa kila anayepokea) kwa kupakua, na chaguo la nat, linaloiwezesha kuona anwani za ndani, liwashwe. Bila nat, CAKE iliyo upande wa nje huona anwani moja tu ya umma, na anayefungua miunganisho hamsini huchukua sehemu ya watu hamsini.

Dhana: profaili nzuri itatibu Wi-Fi dhaifu

Haitatibu. Nyumba za kale za Mkomani zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, chini ya mita tatu. Mawimbi ya 5 GHz hukutana na ukuta, kisha ukuta mwingine, kabla hayajafika kitandani. Simu iliyo mbali hushuka hadi kasi ya chini kabisa na kushika hewa muda mrefu kwa paketi ileile, hivyo jirani yake mwenye mawimbi mazuri pia hungoja. Foleni ya ruta haioni lolote kati ya hayo. Hapo vuta waya hadi kila ghorofa, weka kituo cha Wi-Fi upande wa daka na kingine upande wa vyumba, punguza nguvu ya 2.4 GHz, na zima kasi za 1 na 2 Mbps. Profaili irudi baadaye, ping ya kwenye waya na ya hewani zikishakaribiana.