Je, wajua? Kwa nini Frisco ya Texas ilitoka watu 6,000 hadi 200,000 kwa miaka 30 tu

Sensa ya Marekani ya mwaka 1990 iliwakuta watu zaidi kidogo ya 6,100 Frisco, kimji cha mashamba ya nafaka na ng'ombe kaskazini mwa Dallas. Mwaka 2000 walikuwa 33,714. Mwaka 2010, 116,989. Sensa ya 2020 ikahesabu 200,509. Na hao waliohamia si watu wa kubangaiza: kaya ya kawaida pale huingiza zaidi ya dola 140,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya kaya ya kawaida ya Marekani.

Ukiuliza sababu, wengi watakujibu kwa neno moja: Dallas. Jiji limejaa, watu wamemwagikia pembezoni. Ni kweli, ila jibu hilo halitoshi. Dallas imezungukwa na miji kibao. DeSoto na Lancaster, upande wa kusini, ziko karibu zaidi na katikati ya jiji kuliko Frisco, na hazikupata hata robo ya neema hiyo. Kuna kitu Frisco walikifanya, na kitu hicho unaweza kukiona kwenye risiti ya dukani.

Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Serikali huchuma kwenye ardhi na majengo, na kwenye mauzo. Ukinunua viatu vya dola 100, unalipa dola 108 na senti 25. Hapo, dola 6 na senti 25 ni za jimbo, na dola 2 hubaki kwa mji wenyewe. Sheria hairuhusu mji kuzidisha hapo. Kwa hiyo swali kubwa la kila halmashauri ni hili: zile dola 2 tuzifanyie nini?

Plano, jirani wa kusini wa Frisco, iliingia kwenye shirika la usafiri wa umma la Dallas miaka ya 1980, na dola moja kati ya zile mbili ikawa inakwenda kwenye mabasi na treni. Frisco haikuingia. Dola moja wakaiweka kwenye mfuko wa kawaida wa mji, na ile nyingine wakaipasua katikati. Senti 50 huenda kwenye shirika la mji la kuvutia wawekezaji, ambalo wapiga kura waliliridhia mwaka 1991. Senti 50 nyingine huenda kwenye shirika la pili, linaloshughulikia bustani, viwanja vya michezo na vivutio vingine. Mji wa watu elfu sita ukawa na kapu la fedha ambalo kazi yake ni moja tu, kubembeleza wageni wenye pesa.

Senti 50 katika kila dola 100 zinazotumiwa na watu 6,000 ni fedha ndogo, bila shaka. Palihitajika mahali pa kuzivuna. Agosti 2000 likafunguliwa Stonebriar Centre, jumba kubwa la maduka, na ukitazama ramani utacheka: limejengwa ukingoni kabisa mwa Frisco, kando ya barabara ya 121 inayopakana na Plano. Mtu wa Plano anavuka barabara, ananunua, anarudi kwake, na kodi yake inabaki Frisco. Mwaka uliofuata Plano nayo ilifungua jumba lake la maduka, Willow Bend, si mbali na hapo, lakini halikuwahi kuchangamka kama lilivyotarajiwa.

Fedha zikaanza kufanya kazi. Timu ya magongo ya barafu ya Dallas Stars ilihamishia makao makuu yake Frisco mwaka 2003. Mwaka 2005 timu ya soka ya FC Dallas ikapata uwanja mpya hapohapo. Halafu 2016 wakaja wenyewe Dallas Cowboys, timu maarufu kupita zote ya mpira wa Kimarekani, wakahamia kwenye eneo la ekari 91. Mji pamoja na wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo hilo, walichangia takribani dola milioni 90. Walichodai nao ni kwamba ukumbi wa mazoezi wa timu, wenye viti 12,000, utumike pia kwa mechi za wanafunzi wa sekondari. Mtoto wa miaka 16 anachezea palepale wanapofanyia mazoezi mastaa anaowaona kwenye televisheni. Hebu fikiria mzazi anayetafuta nyumba akisikia hilo. Baadaye chama cha wachezaji wa gofu wa kulipwa, PGA of America, nacho kikafungasha virago kutoka Florida.

Lakini mimi nikiulizwa, viwanja ni mapambo. Kinachouza nyumba Frisco ni shule. Katika baadhi ya miji jirani desturi ni kujenga sekondari moja kubwa mno. Allen, mashariki mwa Frisco, ina sekondari moja ya juu yenye maelfu ya wanafunzi na uwanja wake wa watu 18,000. Frisco ilikwenda kinyume. Kila sekondari ilipangwa iwe na wanafunzi wapatao 2,100, na ikikaribia kujaa, inajengwa nyingine. Kufikia 2022 zilikuwa 12. Faida ya kwanza ni ya mtoto, kwa sababu nafasi za kuingia timu au bendi ya shule ni nyingi. Ya pili ni ya mwenye kuuza viwanja: kila mtaa mpya unakuja na shule mpya. Wahandisi wa kompyuta na madaktari kutoka India walilielewa hilo mapema kuliko wengi. Sensa ya 2020 ilikuta takribani robo ya wakazi wana asili ya Asia, na hekalu la Kihindu la Hanuman lililofunguliwa 2015 hufurika watu siku za sikukuu.

Kilichobaki kilifanywa na barabara. Barabara ya kulipia ya Dallas North Tollway ilisogezwa kaskazini kipande kwa kipande, na mwaka 2007 ikaipita Frisco yote mpaka barabara ya 380, upande wa kaskazini. Kampuni kubwa nazo zilikuwa zimejipanga kando yake kule Plano: kampuni ya maduka ya JCPenney ikitoka New York, baadaye Toyota ikitoka California. Mfanyakazi anaishi dakika chache tu kutoka kazini, bila kukanyaga katikati ya Dallas.

Kuna kinaya hapo. Frisco ni mtoto wa reli. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya reli ya St. Louis–San Francisco ilihitaji mahali pa kujazia maji vichwa vya treni vya mvuke, ikachagua bonde lililo magharibi mwa kijiji cha Lebanon. Baadhi ya wanakijiji walizing'oa nyumba zao wakazihamishia relini. Jina la mji ni jina la utani la kampuni hiyo. Na leo huwezi kupanda treni ya abiria Frisco, kwa sababu dola ya treni ndiyo iliyogawanywa kuwa zile nusu mbili. Bila gari, huna maisha pale.

Wala si kila kitu kilikuwa kipya na kisafi. Tangu 1964 kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi, baadaye kikimilikiwa na kampuni ya betri ya Exide. Nyumba za kifahari zikakifuata. Mwaka 2010 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba hewa ya eneo hilo imezidi kiwango cha risasi kinachoruhusiwa. Kiwanda kilifungwa 2012, mji ukikubali kulipa dola milioni 45 kwa ardhi iliyokizunguka, na kazi ya kusafisha udongo ikachukua miaka mingi.

Udongo wenyewe nao una vituko: mfinyanzi mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Mwezi wa Agosti utawaona wenye nyumba za dola laki saba wamezungusha mipira ya maji kuzunguka kuta, wakinyweshea msingi usije ukapasuka.

Siku hizi mwendo umepungua. Ardhi inakwisha, bei za nyumba zimewashinda wazazi vijana, na idadi ya wanafunzi imeanza kushuka. Mei 2025 wapiga kura walikataa mpango wa kuchota sehemu ya zile senti 50 za mashirika ya mji kujenga ukumbi mkubwa wa sanaa. Sifa ya kukua kwa kasi imeshahamia mbele: takwimu za sensa zilizotolewa 2024 ziliitaja Celina kuwa mji uliokua haraka kuliko yote Marekani yenye watu 20,000 au zaidi, kwa asilimia 26.6 katika mwaka mmoja. Celina iko kaskazini mwa Frisco, na Dallas North Tollway inarefushwa kuelekea huko.