Usiulize inakwenda kasi gani, uliza nani kaijenga

Watu hapa Tabora wakishajua kwamba nilikuwa fundi wa rola kosta kule Ghuba, maswali huwa mawili. Inakwenda kasi gani? Na umeme ukikatika watu wakiwa juu, inakuwaje? La pili ni swali la mtu mwenye akili zake, nitalijibu huko mbele. La kwanza tulimalize hapa hapa: Formula Rossa ya Ferrari World, Abu Dhabi, iliyofunguliwa 2010, inafika kilomita 240 kwa saa katika sekunde tano hivi, na abiria wa mbele wanavaa miwani ili mchanga na wadudu wasiwaingie machoni. Haya, tumelimaliza.

Kasi inauza tiketi, sikatai. Lakini mtu akiniambia tu kwamba mashine ni ndefu na ina mbio, bado hajaniambia kama nikishuka nitarudi kwenye foleni au nitatafuta panadol. Hilo linategemea jinsi reli ilivyokunjwa, na kila kiwanda kina mkunjo wake. Nionyeshe picha ya kona moja bila jina, mara nyingi nitakutajia imetoka kwa nani.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: rola kosta ya kawaida ni treni isiyo na injini. Mnyororo unaivuta hadi kileleni mwa kilima cha kwanza, inaachiwa, na kuanzia hapo ni uzito wake na mteremko tu hadi kwenye breki za mwisho. Zipo pia zinazorushwa kwa sumaku au kwa hadroliki, nitazifikia.

Sisi watu wa mji wa reli tuna bahati ya kuelewa haraka. Treni ya reli ya kati, ile njia ya Wajerumani iliyofika hapa 1912 na Kigoma 1914, inakaa relini kwa uzito wake na kwa ule ukingo wa gurudumu ulio upande wa ndani. Ukiinyanyua, hakuna kinachoishika. Rola kosta haiwezi kuishi hivyo, maana raha yake yote ni kunyanyuka. Kwa hiyo behewa lina magurudumu ya aina tatu: ya juu yanayobeba mzigo, ya ubavuni yanayozuia kuyumba, na mengine yanayopita chini ya reli kulizuia behewa lisipae. Hayo ya chini ni ya Mmarekani John Miller, aliyepata hataza yake mwaka 1919. Kabla yake mjenzi alilazimika kulainisha kila kilele kwa kuogopa treni kuruka nje. Baada yake vilima vikawa vikali, na abiria akaanza kutoka kitini akining'inia kwenye mkanda wa mapajani. Sisi mafundi na wapenzi wa hizi mashine tunakuita kupaa, na wengi wetu tunalipa kiingilio kwa ajili ya hilo tu.

Gurudumu lenyewe ni kitovu cha alumini kilichovikwa poliurethini, aina ya plastiki iliyo kama mpira. Kila alfajiri kabla ya wageni tulikuwa tunayapitia moja moja. Unaligeuza taratibu kwa mkono huku ukipitisha ukucha kwenye mpaka wa poliurethini na kitovu. Ukucha ukizama hata kidogo, maana yake vazi limeanza kuachana na kitovu, na gurudumu hilo haliendi popote siku hiyo. Gumu hukimbia vizuri ila linatetemesha. Laini humeza mtetemo ila huchemka, na katika joto la Julai la kule kuchemka si jambo dogo. Kwenye bolti tulichora mstari wa rangi unaoanzia kwenye kichwa cha bolti na kuendelea hadi kwenye bamba. Asubuhi unamulika tochi: mstari ukiwa umekatika, bolti imezunguka. Teknolojia ya mabilioni, na mlinzi wake ni kopo la rangi.

Sasa reli. Mwaka 1895 kule Coney Island, New York, walijenga kitanzi cha duara kamili, Flip Flap Railway. Hesabu ya duara ni katili. Ili treni ipite juu bila kudondoka, abiria akiwa chini lazima abanwe kwa angalau mara sita ya uzito wake, hata tukijidai msuguano haupo. Mtu wa kilo 70 anakuwa na kilo 420, na zinamjia kwa mkupuo, shingo ikiwa haijajiandaa. Haikudumu. Dawa ilipatikana 1976, pale Anton Schwarzkopf alipojenga Revolution huko Magic Mountain, California, akiwa na mhandisi Werner Stengel. Kitanzi chao ni kipana chini na chembamba juu, kwa hiyo reli inajikunja kidogo kidogo na uzito unakuja kwa hatua. Wahandisi wa reli walikuwa wanalijua jambo hili siku nyingi: kati ya mnyoofu na kona huwekwa kipande cha mpito kinachokaza taratibu. Kadiri treni inavyokusudiwa kwenda kasi, kipande hicho hurefuka, na ndiyo sababu moja SGR haiwezi kufuata kila kona ya njia ya zamani.

Stengel ana jingine ambalo mimi naliona kubwa kuliko kitanzi. Wajenzi wa zamani walipotaka kuilaza treni walizungusha behewa kwa kufuata reli, na abiria aliyekaa juu yake akarushwa huku na huku. Stengel akageuza mahesabu: kinachopaswa kutulia ni kifua cha abiria, reli ndiyo izunguke kukifuata. Mwangalie mama aliyejitwika ndoo ya maji akipita njia yenye mashimo. Miguu inakwepa, kiuno kinacheza, maji hayamwagiki. Kichwa cha abiria ndiyo ndoo. Kiwanda kinachojua hilo nakiheshimu hata kama mashine yake ina urefu wa mwembe tu.

Hapo ndipo watengenezaji wanapoachana.

Bolliger & Mabillard, au B&M, ni Waswisi wa mji wa Monthey. Walter Bolliger na Claude Mabillard walikuwa kwa Giovanola, kiwanda cha hapo hapo Monthey, kabla ya kuanzisha chao 1988. Giovanola ndio waliotengeneza Anaconda ya Gold Reef City, Johannesburg, kwa msomaji anayetaka kuona kitu cha ukoo huo bila kuvuka bahari. Mwaka 1992 B&M walileta Batman The Ride karibu na Chicago, treni ikining'inia chini ya reli na miguu ya abiria ikiwa hewani. Uti wa reli yao ni boksi la chuma, unalitambua kwa mbali. Kazi yao ni safi mno, na kama fundi ningewachagua wao niwe nalala usiku. Kama abiria? Nilipopelekwa Ulaya kwa mafunzo nilipanda Silver Star ya Europa-Park, mita 73 kwenda juu, na vilima vyake vilinipandisha na kunishusha kwa adabu kama mkwe. Ukishaijua moja umezijua nyingi.

Na usafi haumaanishi ulale. Juni 2023, Fury 325 ya Carowinds huko Marekani, ambayo ni ya B&M na ina mita 99, ilionekana nguzo yake ikiwa na ufa mpana, na aliyeirekodi kwa simu alikuwa mgeni. Ilifungwa, nguzo ikabadilishwa, Agosti ikarudi kazini. Mafundi wote niliokuwa nao tuliitazama ile video mara nyingi kuliko mpira wa fainali.

Intamin, ambao nao walianzia Uswisi, wana roho tofauti. Wao ndio wa Formula Rossa. Ndio wa Top Thrill Dragster ya 2003, mita 128, na Kingda Ka ya 2005, mita 139. Zote tatu zilitumia hadroliki: nitrojeni inashindiliwa kwenye matangi, ikiachiwa mafuta yanazungusha winchi, winchi inavuta kebo, kebo inavuta treni. Ni wazo la kishujaa na ni jinamizi la fundi. Presha, joto, kebo inayochakaa, na vipuri vinavyosubiriwa. Kingda Ka ilibomolewa mwanzoni mwa 2025. Dragster ilisimamishwa baada ya kipande cha chuma kumpiga mgeni aliyekuwa foleni mwaka 2021, ikajengwa upya na Zamperla wa Italia kwa mota za sumaku, ikafunguliwa 2024, ikafungwa tena baada ya siku chache kwa sababu ya mabehewa, ikarudi 2025. Lakini nisiwaonee. Wakati wengine wanauliza kama inawezekana, Intamin huwa wameshachimba msingi, na bila wao hii fani ingekuwa imelala.

Vekoma wa Uholanzi ndio ninaowatetea zaidi, na najua nitachekwa. Ni kiwanda cha 1926 kilichoanza na vifaa vya kilimo. Kwa miaka mingi jina lao lilichafuliwa na mashine moja ya kuning'inia waliyoiuza duniani kote, ya kwanza ikiwa El Condor ya 1994, pale kwenye bustani ya michezo ya Walibi Holland. Mipito yake ilikuwa mikali na fremu za mabega zikawa zinagonga masikio, ndiyo sifa inayoifuata hadi leo. Kisha wakakaa chini, wakabuni reli upya, wakaachana na zile fremu ngumu. Nenda ukaone F.L.Y. ya Phantasialand, Ujerumani, 2020, abiria wamelala kifudifudi wakiruka katikati ya majengo. Kiwanda kilichosikia malalamiko ya watu na kurudi mezani nakipa alama kuliko kilichozaliwa bora.

Bustani hiyo hiyo ya Walibi ina Untamed. Ilikuwa rola kosta ya mbao ya Vekoma, Robin Hood, ya mwaka 2000. Mwaka 2019 Wamarekani wa RMC (Rocky Mountain Construction), kutoka Idaho, waliiacha sehemu kubwa ya mbao za chini wakaweka juu yake reli ya chuma, ikapata vilima na mapinduko ambayo mbao peke yake isingethubutu. Ukitaka jibu langu la mashine bora, ni za hawa. Hakuna sehemu ya kupumzika. Unatoka kitini, unarudi, unalazwa ubavu, unatoka tena, na bado shingo haiumi. Steel Vengeance ya Cedar Point, Marekani, 2018, wenye bustani wanaitangazia sekunde 27.2 za kupaa, jumla. Kwa fani hii hiyo ni tarakimu ya maana kuliko kilomita 240.

Mack Rides wa Ujerumani nawapita haraka: wapo tangu 1780, walianza na mikokoteni, ukoo wao ndio wenye Europa-Park, na hata hivyo Silver Star waliinunua kwa B&M. Tangu Blue Fire ya 2009 hawahitaji tena kununua ya chuma kwa jirani.

Haya, umeme. Ukikatika treni ikiwa inapandishwa, kuna vyuma chini ya behewa vinavyoangukia kwenye meno ya ngazi maalumu, ndio ule mlio wa tak-tak-tak unaosikia. Treni haiwezi kurudi nyuma. Pembeni kuna ngazi za miguu, mnashushwa mmoja mmoja. Ukikatika treni ikiwa imeshaachiwa, haina habari, haikuwa inatumia umeme. Ikifika mwisho inakuta breki za sumaku: mapanga ya shaba au alumini yanapita katikati ya sumaku za kudumu, na mwendo wenyewe ndio unaozalisha nguvu ya kuupinga. Hazigusani, hazihitaji umeme, hazihitaji mtu. Breki za kubana nazo nyingi hufungwa na springi na kufunguliwa kwa hewa, hewa ikiisha zinafunga. Na njia nzima imegawanywa vipande, kipande kimoja treni moja, kama wanavyofundishwa vijana wa chuo cha reli hapa mjini.

Kuna mzee mmoja mfanyabiashara aliniita majuzi akaniuliza, "Mwanangu, Tabora inawezekana?" Nikamwambia inawezekana, mzee wangu, ila si ile unayoiona kwenye simu. Mota za sumaku zinataka umeme mwingi kwa sekunde chache, na hapo jenereta itakayohitajika inakula faida yote. Hadroliki asiitaje. Achukue ya kifamilia, ya Zamperla au Vekoma, ya kuvutwa kwa mnyororo au matairi, ambayo mtoto wa darasa la tatu anapanda na bibi yake. Asinunue iliyotumika bila kitabu chake cha ukaguzi wa nyufa, hata kama bei ni ya kutupa. Magurudumu ya akiba yaje kwenye kontena lile lile la mashine, kwa sababu seti ikiisha na mzigo ukawa bado forodhani Dar, mashine itasimama msimu mzima wa sikukuu. Na mkataba utaje fundi wa kiwanda atakaa Tabora miezi mingapi kufundisha vijana. Akasema atafikiria, kisha akaniuliza hiyo ya bibi inakwenda kasi gani.